Ujiandae vipi kwa usaili wa kiufundi Dar: maswali ya mtandaoni, mradi wako, kijiwe cha mazoezi au kozi ya kulipia?

Simu ikishaita na afisa rasilimali watu akakwambia ufike Alhamisi saa tatu asubuhi, ofisi iko Masaki au Posta, swali linalomjia haraka karibu kila mwandishi wa programu wa Dar ni "nisome nini?" Mimi naliona hilo kuwa swali la pili. La kwanza ni "wataniuliza kwa namna gani?" Nimekaa pande zote mbili za meza, kama msailiwa na kama mmoja wa wanaouliza, na nimeona vijana wenye uwezo wa kweli wakirudi mikono mitupu kwa sababu walijiandaa kwa bidii kwa mtihani ambao haukuwa wao.

Njia za kujiandaa zinazotumika hapa mjini ni nne: kutatua maswali ya algoriti, yaani hatua za kompyuta za kutatua tatizo, mtandaoni ukiwa peke yako, kujenga mradi na kuujua ndani nje, kufanya usaili wa majaribio na wenzako kijiweni, na kulipia kozi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Njia ya tatu, ile ya kuongea kwa sauti mbele ya mtu anayekuangalia, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo ninayoipa uzito mkubwa. Hata hivyo kuna usaili ambao njia hiyo haikusaidii sana, kwa hiyo tuanze na aina za usaili wenyewe.

Unaenda kwenye usaili upi?

Kazi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal. Ukiitwa kwa nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, tegemea mchujo, ambao ni mtihani, kisha mahojiano mbele ya jopo, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo katikati. Mchujo unapenda upana kuliko kina: mitandao, hifadhidata, usalama wa mifumo, misingi ya programu, kidogo kidogo kila kitu. Aliyekesha miezi miwili kwenye algoriti ngumu atakuta maswali ya anwani za IP na aina za mashambulizi ya mtandaoni, na atajuta.

Tena huko kuna jambo lisilohusu kompyuta kabisa, nalo ni vyeti. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hurudia kila mara kwamba msailiwa aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi vya taaluma, pamoja na kitambulisho, na kwamba hati za matokeo hazikubaliwi. Jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha chuo, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina sasa hivi, usisubiri wiki ya usaili.

Benki na kampuni za simu huuliza tofauti. Kwao hifadhidata ni roho ya kazi, kwa hiyo SQL, lugha ya kuihoji hifadhidata, haikwepeki. Watakuuliza pia kuhusu mifumo miwili kuzungumza: muamala umekatika katikati, fedha ya mteja imetoka lakini haijafika, utajuaje iko wapi? Kampuni changa za hapa mjini mara nyingi hukupa kazi ya kufanyia nyumbani kwa siku kadhaa, kisha unaitwa kuieleza mstari kwa mstari. Na kampuni za nje zinazoajiri watu wafanye kazi wakiwa Dar hupenda kukuwekea swali kwenye kihariri cha pamoja mtandaoni, ukurasa ambao wanakuona unapoandika, mkitazamana kwenye kamera, saa ikihesabu. Usaili wa Google, ambao kampuni nyingi zimeuiga, hupewa dakika 45 kwa kila msaili.

Kwa hiyo anayekupigia simu, muulize. "Samahani dada, naomba kufahamu, usaili utakuwa mtihani wa kuandika, kazi ya vitendo kwenye kompyuta, au mazungumzo?" Hakuna aibu hapo. Maofisa wengi watakujibu, na jibu hilo moja linakuokolea siku nyingi za kusoma visivyohitajika.

Maswali ya mtandaoni, wewe na skrini yako

Hii ndiyo njia maarufu kuliko zote. LeetCode ina maswali zaidi ya 3,000 yaliyogawanywa kuwa mepesi, ya kati na magumu. HackerRank ina mazoezi ya aina hiyo na hutumiwa na waajiri wengine kupima watu. Codeforces, iliyoanzishwa na Mikhail Mirzayanov, ni uwanja wa mashindano, mzuri kwa anayependa hesabu lakini mkali kupita mahitaji ya kazi nyingi. Sehemu kubwa ya maswali hayo ni bure. LeetCode ina malipo ya ziada ya takriban dola 35 kwa mwezi, na sioni sababu ya mtu anayejiandaa kwa kazi za Dar kuyalipa.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inakufundisha kutambua sura ya tatizo. Chukua mfano: una orodha ya miamala 10,000, na unatakiwa kutafuta miwili ambayo jumla yake ni shilingi 50,000. Mtu asiyefanya mazoezi ataandika kitanzi ndani ya kitanzi, ajaribu kila muamala na kila mwenzake. Hapo jozi za kukagua zinakaribia milioni 50. Aliyefanya mazoezi atapita kwenye orodha mara moja tu: kwa kila kiasi anakokotoa kilichobaki kufikia 50,000, anaangalia kwenye jedwali la heshi, hifadhi inayojibu papo hapo kama kitu kimo, kama amekwisha kukutana nacho, na kama bado, anakihifadhi kiasi hicho na kusonga mbele. Hatua 10,000, kazi imeisha. Anatumia kumbukumbu zaidi ili kuokoa muda, na akiweza kulisema hilo kwa mdomo wake, msaili ameridhika.

Usijaribu kumaliza maswali 3,000. Kuna orodha maarufu ya maswali 75, inayojulikana kama Blind 75, iliyokusanywa na mhandisi aliyetaka kuwaokolea wengine muda. Ukifanya mawili kwa siku, unaimaliza ndani ya wiki tano na ushee. Swali likikushinda kwa nusu saa, soma suluhisho, lifunge, na kesho yake liandike upya bila kuangalia. Kusoma suluhisho na kutikisa kichwa si kujifunza.

Sasa udhaifu wake. Skrini haikuulizi "kwa nini?" Inakupa kitufe cha kujaribu, unabonyeza, inakataa, unabadilisha alama moja, unabonyeza tena. Kwenye usaili wa ubaoni kitufe hicho hakipo. Na mazoea ya kukaa kimya kwa dakika ishirini huku ukifikiri, yanayokufaa nyumbani, mbele ya watu yanaonekana kama umekwama.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba uzoefu peke yake haukuokoi kwenye usaili wa aina hii. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeandika Homebrew, programu inayotumiwa na watumiaji wengi mno wa kompyuta za Mac, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa baada ya kushindwa kugeuza mti wa matawi mawili mawili, namna mojawapo ya kupanga data, ubaoni. Wapo wanaoitumia habari hiyo kuwalaumu wasaili, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kwako wewe unayeitafuta kazi, funzo ni jingine: kama kampuni unayoiendea inauliza algoriti, miaka yako ya kujenga mifumo haitajibu kwa niaba yako.

Neno kuhusu mafumbo ya akili, yale ya mipira mingapi inaenea ndani ya basi. Bado nawaona vijana wakiyakariri. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza masuala ya watumishi Google, alisema wazi kwamba mafumbo hayo hayakutabiri chochote. Yaacheni.

Mradi unaoujua ndani nje

Kwa ajira nyingi za hapa, hasa kampuni changa na hata benki, mradi mmoja uliofikiriwa vizuri unazungumza kuliko maswali mia ya algoriti. Nasema mmoja. GitHub, mtandao wa kuweka msimbo wako, yenye miradi kumi na tano iliyonakiliwa kutoka video za mafunzo haimshawishi mtu; msaili akifungua wa kwanza na kuuliza "hii sehemu inafanya nini?" na ukasita, kumi na minne iliyobaki haitafunguliwa.

Mradi mzuri wa Dar hauhitaji kuwa mkubwa. Tuseme umejenga mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani yanayotoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Watu wengi wataonyesha kurasa zilizopendeza. Msaili makini atauliza hivi: abiria wawili wamegusa kiti namba 12 cha basi la Mwanza ndani ya sekunde ileile, kitatokea nini? Kama programu yako inasoma kwanza "kiti kiko wazi" halafu ndipo inaandika "kimechukuliwa", wote wawili watasoma "wazi" na wote wawili watauziwa. Jibu lenye uzito ni kuiachia hifadhidata yenyewe ilinde: unaweka sharti kwamba safari ileile na kiti kilekile haviwezi kuandikwa mara mbili, wa pili anakataliwa na programu inamwomba achague kingine. Halafu maswali yanaendelea. Kiti unakishikilia dakika ngapi wakati abiria anaweka namba ya siri ya M-Pesa? Malipo yakifika baada ya muda huo kwisha, na kiti kimeshauzwa kwa mwingine?

Na hapo hapo linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: taarifa ya malipo imekuja mara mbili. Hutokea. Mfumo wa malipo umekutumia taarifa, umeipokea, lakini mtandao umekatika kabla jibu lako halijawafikia, kwa hiyo wanatuma tena. Ukiongeza salio mara mbili, kampuni imepoteza fedha. Dawa ni kuhifadhi namba ya kumbukumbu ya muamala kama kitu kisichojirudia. Taarifa ya pili ikija unajibu "nimepokea" bila kugusa salio. Kijana anayelieleza jambo hili kwa utulivu, kwa mfano wa mfumo alioujenga kwa mikono yake, nakuhakikishia watu wa mezani wanaanza kutazamana.

Wale wa benki waongezee SQL kwenye mradi huohuo. Swali linalorudi sana ni hili: toa orodha ya wateja ambao hawajafanya muamala wowote ndani ya siku 30. Wengi huunganisha jedwali la wateja na la miamala kwa LEFT JOIN, inayombakiza kila mteja hata asiye na muamala, halafu sharti la tarehe wanaliweka kwenye WHERE, inayochuja baada ya kuunganisha, badala ya ON, inayotumika wakati wa kuunganisha. Wateja wasio na muamala hawana tarehe, kwa hiyo sharti linawaondoa wote, na ndio hao hao tuliokuwa tunawatafuta. Ukiwa na data ya majaribio kwenye mradi wako, jaribu njia zote mbili na uangalie idadi ya safu zinazorudi. Ukishaiona tofauti kwa macho, huisahau.

Gharama ya njia hii ni muda. Mradi wa maana unataka wiki, si siku, na anayeitwa usaili wa wiki ijayo hana nafasi ya kuanza upya. Halafu kuna hatari ambayo watu wanaofanya kazi tayari huisahau: usionyeshe msimbo wa mwajiri wako wala data za wateja wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata sheria ikiwekwa pembeni, mwajiri mpya anayekuona ukitoa siri za wa zamani anajua zamu yake itafika.

Kijiwe cha mazoezi

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, wakishirikiana na Microsoft, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 48 wa kompyuta. Wote walipewa tatizo la kutatua ubaoni. Baadhi walilitatua wakiwa peke yao chumbani, wengine mbele ya msaili huku wakieleza fikra zao kwa sauti. Kuangaliwa tu kulishusha ufaulu kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliofanya peke yao walifaulu, na wote waliofanya mbele ya msaili walishindwa. Idadi yao ilikuwa ndogo, kwa hiyo tusiligeuze kuwa kanuni, lakini nalikumbuka kila ninapomwona dada mwenye akili akitetemeka mkono na kalamu ya ubaoni.

Woga huo hautibiwi na skrini. Unatibiwa na kuangaliwa mara nyingi mpaka kuangaliwa kuwe jambo la kawaida. Ndiyo maana naisimamia njia hii.

Mnahitaji watu watatu, wanne wakizidi. Mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu anakaa kimya na kuandika anachokiona: alisita wapi, alisahau kuuliza nini, aliongea na ubao au na watu. Dakika 45 za swali, dakika kumi za kuambizana ukweli, kisha mnabadilishana. Karatasi na kalamu vinatosha, na huu ni uzuri mkubwa kwa mji ambao si kila kijana ana kompyuta mpakato. Barazani Sinza inawezekana, chini ya mti pale chuoni inawezekana. Walio karibu na Kijitonyama wana bahati ya kuwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambako ndiko iliko Buni Hub, kituo cha wabunifu, na kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo kukutana na watu wenye kiu hiyo hiyo si kazi ngumu. Maktaba Kuu pale Bibi Titi itakufaa kwa kusoma; kwa mazoezi ya kuongea utawasumbua wengine.

Angalia jinsi mazungumzo mafupi yanavyofundisha.

"Kaka, una orodha ya namba. Nirudishie ya pili kwa ukubwa."

"Sawa dada. Kabla sijaanza, namba zinaweza kujirudia? Ikiwa ni 7, 7 na 5, ya pili ni 7 au 5? Na orodha ikiwa na namba moja tu, nirudishe nini?"

Msailiwa huyu hajaandika herufi hata moja na tayari amejipatia alama. Wengi wetu tumelelewa darasani kuogopa kumuuliza mwalimu, tukadhani swali ni dalili ya kutokuelewa. Kwenye usaili wa kiufundi swali limeachwa na matundu makusudi, na kazi yako ya kwanza ni kuyaona. Tabia hiyo haijengeki kwa kusoma kuihusu. Inajengeka kwa mwenzako kukukatiza mara tano: "umeanza kuandika, hujauliza."

Kuna suala la lugha, nalo nalichukulia kwa uzito. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili na tunasailiwa kwa Kiingereza, au kwa mchanganyiko. Kijana anajua jibu lakini sentensi inamkatikia katikati, anaonekana hajui. Kijiweni elezeni suluhisho kwa Kiswahili kwanza, mpaka mantiki inyooke. Kisha mtu yuleyule alieleze tena kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Sentensi fupi hazimshushi mtu hadhi, na hata wasaili wa nje wanazishukuru. Simameni pia kwenye yale maswali ya tabia, "tueleze siku ulipotofautiana na mwenzako kazini." Hapo kuna mpangilio unaosaidia: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, matokeo yakawa nini. Watanzania tuna adabu ya kusema "tulifanya". Msaili anataka kujua sehemu yako, kwa hiyo jizoezeni kusema "nilifanya" bila kuona mnajisifu.

Kwa asiye na wenzake, programu za akili mnemba zinaweza kujifanya msaili: unaiambia ikuulize swali moja, isikupe jibu, ikudadisi. Zinasaidia kwa kupanga mawazo, na usiku wa manane zipo. Lakini hazikutazami usoni. Anayezitegemea peke yake anabaki na woga uleule aliokuja nao, na mbaya zaidi anazoea kuzikimbilia kila anapokwama.

Udhaifu wa kijiwe ni mmoja, nao ni mkubwa: watu wasipokuwa na nidhamu kinageuka soga. Kama wote watatu hamjui kitu, mtathibitishiana makosa kwa furaha. Ndiyo maana kijiwe kinakwenda vizuri zaidi pale kila mmoja anapokuja akiwa ametatua maswali yake peke yake nyumbani, na pale mnapompata kaka au dada aliyekwisha kuajiriwa akaja walau mara moja kwa mwezi kuwauliza kama kazini wanavyouliza. Mwombeni. Wengi wako tayari, hawajawahi kuombwa tu.

Kozi ya kulipia

Hapa sitakaa sana. Maarifa yenyewe yapo bure: CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan iko mtandaoni, freeCodeCamp ipo tangu 2014. Unacholipia kwenye kozi ni ratiba na jicho la mtu anayekukagua. Kama unajijua kwamba bila ratiba hufanyi, fedha hiyo ina maana. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza nani anafundisha na amefanya kazi wapi, uliza kama kutakuwa na usaili wa majaribio wa mtu mmoja mmoja, na omba kuzungumza na mhitimu mmoja bila mwalimu kuwepo. Anayekuahidi kazi kwa uhakika, mwache aende zake.

Ukiziweka kando kwa kando

Kwa fedha, kijiwe ndicho rahisi kuliko vyote. Maswali ya mtandaoni yanakula bando kidogo kidogo, mradi unakula bando na umeme, kozi inakula akiba. Kwa muda wa kuona matunda, kijiwe kinaonyesha tofauti ndani ya wiki mbili, algoriti ndani ya mwezi au miwili, mradi zaidi ya hapo. Kwa kudumu, mradi unashinda: maswali ya algoriti usipoyagusa miezi sita yanafifia, lakini ulichokijenga na kukirekebisha kinakaa nawe miaka.

Una siku saba na usaili ni wa benki? Usianze algoriti mpya. Shika SQL, pitia mradi wako wa zamani kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine, na utafute watu wawili wakusaili jioni mbili. Ni mchujo wa serikali? Kijiwe kigeuzwe cha kuulizana maswali mafupi ya upana, na vyeti viwe kwenye bahasha tangu leo. Ni kampuni ya nje na una miezi mitatu? Hapo ndipo orodha ya maswali 75 inapopata nafasi yake: asubuhi maswali mawili peke yako, na mara mbili kwa wiki kijiweni ueleze kwa sauti yale uliyoyatatua. Aliyehitimu juzi, asiye na simu yoyote iliyoita bado, aanze na mradi. Ana kitu ambacho wenye haraka hawana, yaani muda.

Kwa usaili wa nje yapo mambo mawili ya mwisho. Saa: sisi hatubadilishi saa zetu, wao wanabadilisha. Saa 3 asubuhi ya London ni saa 5 asubuhi kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa 6 mchana wakati wa baridi. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni kwetu majira ya joto, na saa 11 jioni majira ya baridi. Unapowajibu kwa barua pepe, andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje kuwa ni saa ya Afrika Mashariki, mfano 16:00, ili "saa 10" yako isije ikasomwa saa nne asubuhi.

La pili ni mtandao. Kompyuta ijae chaji tangu mchana, uwe na laini mbili za kampuni tofauti zote zikiwa na bando, na namba ya anayekuratibu iandikwe kwenye karatasi mezani, ili umeme ukikatika umtumie ujumbe ndani ya dakika mbili na urudi kupitia simu.